Bomu la Pili

Izimbya,
S.L.P. Bukoba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.

Jumapili, 14 Januari 1973.

Mpendwa mdogo wangu Ildefons,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka nyumbani, na kabla ya lolote nieleze hali yako. Kifua kimepona? Baridi ya huko Brno bado inakutesa? Lile koti alilokuachia mwenzako linatosha, au unajikaza tu ili tusihangaike? Nijibu ukweli. Kila nikienda Muleba kumwona Mama ananiuliza, nami humwambia kwamba u mzima, kisha mwenyewe silali.

Sisi hatujambo. Mvua ilinyesha vizuri na mikungu ni mizito. Goti la Mama linamsumbua akipanda kilima cha kanisani, lakini fimbo haitaki, anasema fimbo ni ya wazee. Senene walianguka kwa wingi mwezi wa Novemba, na amekukaushia kopo zima. Anatafuta tu mtu wa kulibeba.

Sasa nisikuzungushe. Kama mtu wa ubalozi amekuja au atakuja kukuuliza habari za ndege, usishtuke wala usikane. Sema ulinunua dukani sanduku la ndege ya plastiki ya kuunganisha, ukampa mwenzako Buberwa alipokuwa anarudi nyumbani, aniletee mimi kaka yako. Nimelitaja jina lako mbele ya polisi. Nisamehe. Isome barua hii mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Sanduku lilifika salama mwezi wa Oktoba. Ulinipa mtihani, bwana! Mimi nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Kumbe vipande tisini na ushei, vingine vidogo kuliko punje ya mtama, na mabawa yenyewe ya ghorofa, moja juu ya jingine, yameshikiliwa na vijiti vinane ambavyo lazima visimame vyote kwa pamoja kabla gundi haijakauka. Mikono miwili haitoshi. Nikamwita shemeji Damian, ambaye useremala umempa mkono mtulivu, na Muharami, fundi saa wa Bukoba mjini. Wewe humjui. Ndiye aliyeifufua saa ya marehemu Baba, na tangu hapo tukawa marafiki.

Kila Jumamosi Muharami alipanda basi na vibano vyake na kile kioo anachokibana jichoni. Tulikaa chini sebuleni, juu ya majani ya sakafuni, tukatafuna punje za kahawa na kugombana juu ya gundi. Damian anapaka nyingi, Muharami anapaka kama dawa ya macho. Sijafurahi hivyo tangu nianze kufundisha.

Maelezo yalikuwa ya Kicheki na Kiingereza kidogo. Mimi, kwa bidii zangu za kijinga, nikayatafsiri. Nilichora kila hatua kwenye karatasi ya daftari la hesabu, na chini ya mchoro nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Hatua ya saba niliiandika hivi: "Funga mabomu mawili, moja chini ya kila bawa. Hakikisha yamekaza." Niliona fahari kabisa. Jumamosi ya tarehe 16 Desemba nikampa Muharami karatasi hiyo akajiandae nayo nyumbani. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Unajua tulivyo huku tangu Septemba, ndege za jirani zilipotuangushia mabomu Bukoba. Mgambo husimamisha mabasi, na siwalaumu. Jioni ile walipekua mifuko ya abiria wote. Kwa Muharami wakakuta mchoro wa ndege, mishale, namba, na mabomu mawili chini ya mabawa.

Habari ilinifikia Jumatatu. Siti, mke wa Muharami, alimtuma utingo wa basi. Mume wake yuko kituoni. Amewaambia kwamba ni kitu cha kuchezea, lakini hataki kusema kiko kwa nani. Afande ametoa nafasi: kama kitu hicho kipo kweli, kiletwe kikiwa kimekamilika, kila hatua kama ilivyoandikwa, kabla ya Ijumaa. Ijumaa atapelekwa Mwanza, na Mwanza Siti hana hata mtu wa kumuulizia.

Ildefons, hapa ndipo ninapoona haya. Mwandiko ulikuwa wangu. Ningeweza kupanda basi lile lile nikaenda kusema ni mimi. Sikupanda. Nilijiambia kwamba kwenda mikono mitupu ni kufungwa wawili badala ya mmoja, kwamba mwalimu akishikwa shule nzima inachafuka, kwamba mke wangu Clotilda ana mimba ya miezi saba. Nikajikumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Anayetafuta methali ya kujificha nyuma yake haikosi. Ukweli ni kwamba niliogopa, basi.

Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mimi na Damian tulifanya kazi kutwa, na Clotilda akashika bawa la juu badala ya Muharami. Vijiti vililala. Tukavisimamisha, vikalala tena. Mwishowe Damian akaninyang'anya gundi. Jumatano jioni yakabaki mabomu tu. La kwanza likakaa. La pili likaruka kutoka kwenye kibano changu, likazama ndani ya majani ya sakafuni. Kiza kilikuwa kimeshaingia, tukaona afadhali tulitafute asubuhi.

Asubuhi Clotilda aliamka kabla yetu. Desturi ya nyumba zetu unaijua: majani yakichakaa hukusanywa na kutupwa migombani, na mapya hutandikwa. Damian alikuwa amelala kwangu, basi yeye kwa kumheshimu mgeni, ingawa ni kaka yake mwenyewe, akatandika mabichi. Ya zamani yote yalikuwa yamemwagwa kibanjani.

Nilipiga magoti migombani nikachambua jani moja moja, umande ukiniloweka. Mara akapita Mzee Rugaibula, balozi wetu wa nyumba kumi, akauliza nimepoteza nini. Ningemwambia bomu? Nikasema kifungo cha shati. Mzee wa watu akalaza fimbo yake chini, akapiga magoti naye, tukatafuta kifungo karibu saa nzima. Dhambi hiyo nimeshaiungama kwa padre, lakini kila nikikutana na yule mzee ananiuliza kama nilikipata.

Hatukuliona. Damian akasema atachonga jingine la mti, alipake wino, nani atajua? Mimi nilikuwa tayari, nakwambia. Clotilda ndiye aliyenitazama.

"Waitu, Mwalimu, utampelekea afande bomu la uongo?"

Nikaitia ndege kwenye kikapu, nikaifunika kwa kanga yake, nikapanda basi la saa nne.

Niliposhuka mjini nikaenda moja kwa moja kituoni. Afande nilimkuta mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye miwani. Aliiweka ndege mezani, akaikunjua karatasi yangu, akaanza kusoma hatua moja moja huku mimi nikionyesha kwa kidole. Alipofika ya saba akainama. Akatazama chini ya bawa la kushoto, akatazama chini ya la kulia.

"La pili liko wapi, Mwalimu?"

"Liko migombani kwangu, afande. Mke wangu amelitupa pamoja na majani ya sakafuni."

Hakucheka. Alinipa penseli na kuniambia niandike hatua ya saba hapo hapo. Nikaandika, na mwandiko wa mwalimu haujifichi. Akalinganisha, akavua miwani, ndipo akanieleza. Tangu Jumamosi Muharami alikuwa akisema kwamba karatasi ile aliiandika yeye. Walipompa penseli aandike walau mstari mmoja, aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, zile alizofundishwa madrasa utotoni. Herufi zetu za shule hazijui, hata kuzisoma. Walipomwita Siti akawaeleza kwamba karatasi zote za nyuma binti yao Mwamvita ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake. Hii ya mwisho haikumfikia binti. Kwa hiyo Muharami alikuwa ameibeba lawama ya maneno asiyoyajua, na alikuwa hajui hata kwamba yana mabomu.

Miezi miwili, Ildefons. Mimi mwalimu nimemwekea maandishi mbele yake kila Jumamosi, na sikuona kitu.

"Kilichotutia wasiwasi si mchoro," afande akasema, "ni huyu mtu anayefichwa. Ungekuja Jumatatu, Jumatatu rafiki yako angelala kwake."

Walimtoa saa tisa alasiri, amekonda, ndevu zimemwota. Alinishika mkono akaniuliza kama vijiti vilisimama. Nikasema vilisimama. Akasema vizuri, akaenda zake na Siti.

Ndege wameibakiza kituoni pamoja na karatasi. Wakataka jina la aliyeinunua, nikakutaja wewe. Sijui kama jambo limekwisha au limelala tu. Kila basi likisimama hapa barabarani natoka kutazama ni nani anayeshuka. Nakuomba usiitume ile meli uliyoniahidi, na katika barua zako usitaje silaha yoyote, hata kisu cha jikoni.

Jumamosi ya kwanza Muharami hakuja. Ya pili hakuja. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita. Nilikwenda mjini mara moja, nikafika mpaka kona ya duka lake, nikageuka. Nilimwona kwa mbali ameinamia saa ya mtu. Clotilda akaniuliza amesemaje, nikadanganya kwamba sikumkuta.

Jana akashuka kwenye basi la asubuhi na vibano vyake. Akaingia, akaketi mahali pake, Clotilda akamletea kahawa ya kutafuna. Mimi nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi, nimeyaandika kabisa kwenye daftari, tena kwa wiki nzima nikiyafuta na kuyarudia. Nikaanza kuyasoma, hata mstari wa kwanza sikuumaliza. Akanyoosha mkono, akalichukua daftari, akalifunua ukurasa mweupe, akaniwekea mbele yangu pamoja na penseli.

"Nifundishe mwandiko wako, Mwalimu," akasema. "Ili siku nyingine nikisema ni wangu, waniamini."

Nililia, mdogo wangu, mbele ya mke na mbele ya shemeji. Kisha nikaishika penseli nikamwandikia herufi ya kwanza, naye akaiiga pale pale.

Mama anakusalimu, na Clotilda, na Damian ambaye mpaka leo anasema bomu lake la mti lingepita. Shangazi Immakulata wa Rubya anakuombea kila misa, na binti yake Klaudia anauliza utarudi lini. Mungu akulinde huko ugenini, akupe watu wa kukusitiri kuliko mimi nilivyomsitiri mwenzangu, na akurudishe kwetu mzima.

Mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Rwegasira