Sambaza Inapoa

Yaya Fidele,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi juu ya mfuniko wa ndoo, kwa sababu tangu jana sijaweza kukaa. Nimefagia ua mara mbili. Nimeosha sufuria ambazo hazikuwa chafu. Maneno haya nimeshakwambia yote kichwani na hukujibu, basi nayaandika.

Bado nakuita Yaya, kama tulivyozoea kumwita kaka mkubwa kule Goma kabla wazazi hawajaturudisha huku Gisenyi. Jirani yetu aliyekulia Tanzania bado ananicheka. Kwao yaya ni mtu anayelea watoto wa wenyewe. Nilimjibu kwamba hata wewe ulinilea, na ulinilea vibaya, ndiyo maana mpaka leo nanuna kama mtoto.

Albamu imetoka. Ningeanza na hilo. Nyimbo kumi, zote zile ulizorekodi sebuleni kwetu Mbugangari, magodoro yangu yamesimamishwa ukutani ili sauti isitoroke. Jina tumeliacha kama ulivyotaka, Mawe Meusi. Nyimbo tisa sina tatizo nazo. Ni ule wa kumi, Yaya. Ule niliokuharibia.

Wiki tatu nilikuwa napika kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, maana Bahati, fundi wako wa sauti, alisema mikro zake zinasikia hata kijiko. Nilivumilia. Lakini unajua sambaza. Visamaki vile vya ziwa letu vikitoka kwenye mafuta vinataka mtu palepale. Vikipoa vinalegea, na aliyekaanga anaona ametukanwa. Saa nane mchana ikapita. Saa nane na nusu ikapita. Kambale, mpiga ngoma wako, alikuwa anapiga kama anabomoa nyumba, na gitaa lako lilikuwa linalia bluzi ileile tangu asubuhi, ile bluzi yako ya roki uliyojifunza kwenye kaseti zilizochakaa. Nikaupiga teke mlango wa korido, nikaita kwa sauti ya sokoni: "Yaya! Sambaza! Sambaza inapoa!" Nikaubamiza mlango, nikarudi jikoni kugonganisha sufuria. Sikungoja kusikia chochote.

Punde umeme ukakatika. Kambale akakimbilia mpakani, avuke arudi kwake Goma kabla hawajafunga saa tisa. Wewe ukaja jikoni, ukala sambaza zilizopoa, na mimi nikakupa mgongo. Ukanawa mikono. Ukasema, "Tutarudia kesho." Niliisikia kama lawama. Jioni nzima nilinuna, hata nilipokusikia ukihangaika na vitu vyako koridoni.

Asubuhi nikajikwaa kwenye waya. Waya wenyewe ulitoka sebuleni, ukapita korido yote, ukaishia kwenye mlango wa jiko, umefungwa kwa kitambaa kwenye msumari ninaotundikia ungo. Mwisho wake haukuwa na kitu. Nilikasirika. Nikauvuta, nikauzungusha mkononi, nikaja chumbani kwako kukugombeza. Nilikuwa nimeshasema sentensi nzima, Yaya, ndipo nikaona kwamba husikii.

Daktari alisema ni moyo. Watu walisema pole, nami nikaitikia, lakini ndani nilikuwa na jambo langu. Kaka yangu alipiga wimbo mmoja vizuri kuliko yote, na mimi nikauingilia na samaki.

Tulipomaliza kilio, Bahati alikuja na mashine yake. Akasema wimbo wa kumi umerekodiwa mara moja tu mpaka mwisho, na sauti yangu iko katikati. Kuitoa anaweza, ila itatoka na gitaa lako. Nikamwambia autupe. Kambale akakataa, yule mtu mpole, akapiga meza: "Apana, Mama. Ile siku Fidele alipiga vile hajawahi kupiga. Iyi njo yenyewe, ingine hakuna." Walipokaa kuusikiliza mimi nilitoka nje, nikaanika nguo.

Siku ya uzinduzi tulipata ukumbi karibu na ziwa. Walikuja ndugu, na wanakwaya kadhaa waliotaka kuhakikisha kwamba kweli uliwaacha kwa ajili ya lile gitaa la umeme. Walisikiliza mikono imekunjwa. Mjomba aliuliza kwa nini gitaa linaugua. Kisha mtu mmoja wa Kigali akaandika mtandaoni kwamba kwenye wimbo wa mwisho "sauti ya mwanamke inaliita bara zima liamke." Bara zima! Mimi nilikuwa namwita mtu mmoja aje ale.

Halafu wimbo ukaja redioni. Mtangazaji naye ni wa Kiswahili cha Tanzania, kama jirani yetu. Gitaa lako limelimeza lile neno "inapoa", kinachosikika sawasawa ni "Sambaza! Sambaza!" Yule kijana akawaambia watu: "Mmesikia wenyewe! Marehemu ametuachia agizo. Tusiukalie wimbo huu, tuusambaze!" Na watu wakatii, Yaya. Simu kwa simu, madereva wa pikipiki, wanafunzi, wauza maziwa wa Busasamana, mpaka binamu yetu wa Bujumbura akaniletea kama kitu kipya. Huku kwetu na Goma, ambako kila mtu anaijua sambaza tangu ina kichwa na mkia, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mpakani wauza nyanya wananiita Mama Sambaza. "Mama Sambaza, leo inapoa ama iko ya moto?"

Nacheka nao kwa meno tu. Wimbo ukianza mahali, mimi natoka. Nimetoka saluni nusu ya kichwa ikiwa imesukwa. Nimeshuka kwenye pikipiki katikati ya njia. Sijawahi kuusikiliza mpaka mwisho. Sijawahi hata kufika pale ninapoita.

Jana wimbo ulinikamata. Nilikuwa kwenye foleni ya mpakani, beseni kichwani, watu mbele na nyuma, na mwanamke aliyenitangulia akaufungulia kwenye simu. Sikuwa na pa kutokea. Nikaisikia sauti yangu, kali, mbaya. Mlango ukabamizwa. Gitaa likanyamaza, ngoma zikabaki peke yake.

Kisha ukaniiga. Uliniiga kwa gitaa, Yaya, vilevile ulivyokuwa unaniiga tangu utotoni kila nikinuna. Ile "sambaza" inayopanda. Ile "inapoa" ninayoivutia puani. Ukairudia, ukaivuta zaidi, na Kambale anasikika akicheka huku anapiga. Wimbo wote ukahamia hapo. Hukurudi tena kwenye ule ulioanza nao. Ulimaliza na maneno yangu.

Aliye nyuma yangu akanisukuma: "Mama, songa basi!" Sikusonga. Nilikuwa nauona ule waya. Mlango wa jiko, msumari wa ungo, kimo cha mdomo wangu. Nikampigia Bahati palepale. Akashangaa sana. "Kumbe haukujua? Alisema kesho utaita tena, na mikro itakuwa pale. Ila tusikuambie. Eti ukijua, utaanza kuimba kama kwaya."

Nina hasira nawe. Ungeniambia neno moja zaidi ukiwa unanawa mikono. Miezi yote hii nimekuwa nawakimbia watu kwa sababu ya "Tutarudia kesho." Na nimefurahi, nimefurahi mno, na sina wa kumwambia ila wewe, ndiyo sababu ua umefagiwa mara mbili.

Jumamosi mchana Kambale na wenzake wanapiga ufukweni. Walikuwa wameniomba niite, nikakataa mara tatu. Leo nimekubali kwa sharti moja. Nyuma ya jukwaa niwekewe jiko la makaa na sambaza za kweli kwenye mafuta, maana bila hivyo ulivyosema ndivyo itakavyokuwa, nitaimba.

Lala salama, Yaya. Waya nimeurudisha kwenye msumari, na ungo nimeutafutia mahali pengine. Jumamosi nitaita kwa hasira yangu yote, kisha nitapakua sahani yako, niifunike, nisikilize gitaa likijibu, hata kama mkono si wako. Nakuahidi kitu kimoja. Hata ukichelewa, safari hii sitanuna.

Mdogo wako,
Furaha