Usingizi wa Lesieli Katika Siku za Matanga

Jumanne, 4 Juni

Chifu wetu alifariki Jumapili, na amri imetoka: kijiji kinyamaze mpaka azikwe. Hakuna redio, hakuna bendi ya kanisa, hakuna kupiga magome ya miti kuwa nguo. Ukumbi wa wanawake umefungwa, nyundo zimelazwa juu ya magogo. Nilimlilia marehemu kwa dhati. Lakini ukimya huu niliupokea kama zawadi. Hatimaye mtoto wangu mchanga, Lesieli, atalala bila kelele!

Hakulala. Nesi alinifundisha: mlaze angali macho, kisha utoke. Nikamlaza, nikatoka. Mama mkwe, Fusi, akachungulia dirishani.

“Mwanangu, unamlaza mtoto au unamtoroka?”

Jumatano, 5 Juni

Bure. Nimewafukuza majogoo. Nimemsihi Fusi asikune nazi. Nyumba yote tunatembea kwa ncha za vidole – na yeye ananikodolea macho.

Alhamisi, 6 Juni

Wifi yangu Vaimoana aliwasili jana jioni kutoka mji mkuu kwa ajili ya mazishi. Dada mkubwa wa mume wangu; shangazi wa Lesieli. Na shangazi, kwetu, haambiwi hapana.

“Kalo, umenyauka! Na huyu mtoto wetu mbona macho ya bundi?”

Alimpakata usiku mzima, akashindwa kama mimi. Asubuhi akatoa hukumu: Jumatatu, baada ya mazishi, anaondoka naye. Atakaa kwake mpaka ajue kulala.

Mpaka! Binamu ya mume wangu naye alichukuliwa na shangazi yake “mpaka aote meno”. Leo ana ndevu, na hajarudi.

Mume wangu, Semisi, amepiga simu kutoka mashamba ya matunda anakofanya kazi, Australia. “Ni dada yangu, Kalo. Nimwambie nini?”

“Mwambie hapana!”

Kimya. Hata simu inatii amri ya matanga.

Ijumaa, 7 Juni

Leo Fusi alijisahau. Alikuwa nyuma ya jiko akimpiga pweza kwa rungu, alainike. Lesieli alikuwa akilia mikononi mwangu. Akanyamaza. Kope zikashuka. Akalala – kweli akalala!

Ndipo jirani akafoka juu ya ua: “Fusi! Chifu hajazikwa, wewe unapiga ngoma?”

Rungu likanyamaza, mtoto akaamka.

Nikaketi pale pale sakafuni. Mimba yote niliibeba nikiwa mbele ya gogo, nyundo mkononi. Alipozaliwa nikamlaza kando ya lile lile gogo, katikati ya wanawake wakipiga magome na kusengenya waume zao. Na kila Jumapili, siku isiyo na nyundo, alikesha. Sisi tukalilaumu joto. Mtoto huyu hajui kulala kimya. Na mimi, kwa juhudi zote hizi, nimekuwa nikimnyima kile kile anachokitafuta!

Jumamosi, 8 Juni

Nimejaribu kupiga godoro kwa kiganja. Halitoi sauti ya maana. Vaimoana akacheka: “Unafukuza nzi?”

Nikamweleza yote, kwa utaratibu na heshima: mtoto si mgonjwa, mama yake si mzembe, nyundo zikirudi, usingizi utarudi. Kwa hiyo hakuna haja ya safari. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nikajiona nimeshinda.

“Mapigo yenyewe yakoje?” akauliza.

Nikamwonyesha, gotini pangu. Akatikisa kichwa, akanirekebisha. Alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyewaongoza wapigaji wote wa hapa.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya chakula cha mchana Vaimoana alimlaza Lesieli kifuani. Kiunoni amejifunga, kama desturi yetu, mkeka mkubwa wa msiba, mgumu, uliokauka. Akaanza kuugonga kwa vidole. Taratibu, sawasawa, hata nje hayasikiki mapigo.

Lesieli amelala tangu wakati ule. Sasa taa zimewashwa. Kinywa wazi, ngumi zimelegea. Usingizi nilioulilia wiki nzima – umo kifuani mwa mwingine, na ufunguo nimeutoa mimi.

Fusi amepita, ametazama, amefuta macho kwa kanga.

Vaimoana ameninong’oneza, vidole vikiendelea kugonga: “Kalo, nifungashie nguo zake. Na sweta. Kwangu kuna upepo.”

Mfuko uko wazi miguuni pangu. “Hapana” yangu ninayo, iko hapa kooni, haijawahi kuwa karibu hivi. Lakini si neno la kunong’ona. Nikilisema kwa sauti inayolistahili, mtoto ataamka. Na nikisubiri aamke, kutakuwa kumekucha, ni Jumatatu, na mfuko umejaa.