Waya Mweusi Niliouita Mvivu

Bunda, Alhamisi. Vumbi tangu asubuhi, mawingu ya mapambo tu. Nimechoshwa na fundi umeme wa kiwanda hiki cha pamba.

Fundi mwenyewe ni mimi.

Ghala letu lina safu tatu za taa, kila safu na fezi yake, waya wa kuleta umeme, ila zote zinarudi kwa waya mmoja mweusi, nyutro. Safu zikiwa na taa sawasawa, waya huo karibu haubebi chochote. Miaka yote nimeuita mvivu, watu wanacheka, nami nanenepa kwa sifa.

Leo nimeukuta umelegea kwenye boksi la swichi. Mwenye akili angezima kwanza. Mimi sikutaka kuwasimamisha akina mama wanaochagua pamba, nikaufungua taa zikiwaka.

Pa! Pa!

Safu ya mbele, juu ya ubao wa kisomo cha watu wazima wanaosomea humu jioni, ilibaki na taa mbili tu. Nne kamati ya kiwanda iliigawia zahanati. Safu zingine zina sita sita. Mweusi ulipotoka, umeme ukatafuta njia kupitia safu zote, na zile mbili, kwa kuwa chache, zikalemewa. Zikapasuka.

Na kesho jioni wanakisomo wana mtihani!

Nikamfokea Mama Nyangeta, mwenyekiti wa kamati, ambaye naye anafanya mtihani huo. Mbona mnahamisha taa bila kumwambia fundi?

"Baba Bhoke, si nilikuambia? Ulikuwa unakunywa togwa, ukatikisa kichwa."

Kweli, nilitikisa.

"Na huyo mvivu wako uliyekuwaga unamsema, leo kaamka?"

Ghala zima likacheka. Msimamizi hataki kutoa hata taa moja ya wachaguaji, pamba kwanza. Madukani hapa hakuna balbu, Musoma nako wamejibu hakuna. Zahanati siwezi kwenda kuwanyang'anya wagonjwa.

Basi nimefungua mbili za nyumbani kwangu. Mke wangu amekwenda kupangusa kibatari.

Saa kumi na moja nimezifunga, swichi kuu ikiwa imezimwa, mara hii. Nilipowasha, Mama Nyangeta alikuwa mbele ya ubao, anajizoeza sentensi ya kujitungia, maana kesho ndiyo watakayoulizwa. Ameandika kwa herufi kubwa, bila kunakili popote: FUNDI WETU ALIUNGUZA TAA.

Nimechukua chaki, natafuta pa kusahihisha.

Sikupaona.