Wanaokula Kabla ya Safari

Mum,

Mko aje hapo mtaani Mountain View? Natumai mvua imewaachia stima. Huku pwani ni joto tu, blauzi imenigandia mgongoni tangu asubuhi.

Leo tulipelekwa Mida, pale bahari inapoingia kwenye mikoko, kuona ndege wanaotoka Ulaya. Mwanzoni sikuona cha maana. Ni wadogo, rangi ya vumbi, wamejaa kwenye tope wakidonoa bila hata kuinua kichwa. Nikamwuliza Kazungu, anayetembeza wageni, kama kwao Ulaya hakuna chakula. Hakucheka.

"Hawa wanakula hivi kwa kuwa wako karibu kuondoka," akasema. "Njiani pa kutua ni pachache. Ukija wiki ijayo, hapa ni tope tupu."

Nikakumbuka unavyompakulia Kamau mara mbili tangu viza yake ya Kanada itoke, naye kila siku analalamika suruali zinambana. Mwambie dadake amesema anyamaze, ale.

Msalimie Baba. Nikirudi Jumapili niwekee chapati moja tu. Mimi siendi popote.

Wanjiru