Panya Wako Waliopona

Nandagala, Ruangwa
17 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Yasini,

Assalaam alaikum. Nakujulia hali wewe, mkeo Samia, na hiyo baridi yenu ya Ujerumani. Mimi mama yako mdogo mwili ni mzima. Bado niko kwenye eda, siendi shamba. Korosho wananiokotea majirani.

Arobaini ya baba yako mdogo Kaimu tuliimaliza salama. Ile baiskeli aliyokufundishia bado imeegemea ukuta wa stoo. Sijaruhusu mtu aichukue.

Nakuandikia kuhusu panya wako. Tangu utueleze kwamba huko maabara mnawapa panya saratani ya kongosho, ugonjwa uleule wake, kisha mnawajaribia dawa, alikuwa akiniita kila jioni kuwaulizia. "Sikudhani, wagonjwa wenzangu wameshindaje?" Siku uliyopiga simu kusema uvimbe wa baadhi yao umesinyaa, alikula ugali akaumaliza. Kisha akautegua mtego wa panya, akautundika juu darini, akakataza sumu stoo.

Baba yako Abubakary alimtania: "Bwana mdogo, hawa wa kwetu hawajasoma!"

Akajibu, "Ndugu zao wananiugulia kule. Nitawauaje hawa?"

Tulicheka sana. Tangu macho yake yawe manjano sikuwa nimemsikia akicheka.

Juzi ulinieleza taratibu kwamba dawa inayomfaa panya mara nyingi humshinda mtu, na kwamba hata wale waliopona, ugonjwa umewarudia. Nimekuelewa, mwanangu, wala sikulaumu. Ila usinitumie tena habari zao, hata zikiwa njema. Sina wa kumpelekea.

Hapa nyumbani panya wametoboa gunia la mbegu za ufuta. Zilizobaki hazitoshi kupanda hata shamba dogo la bondeni, na mvua zinakaribia. Baba yako ameniletea sumu. Mtego nao naufikia nikipanda kigoda. Kila jioni napanda, naushika, nawasikia wakitafuna, nashuka. Mbegu zitaisha, najua. Mwaka huu labda sitapanda.

Baba yako na shangazi yako Mwanaima wanakusalimu. Nibusie Samia mikono. Mola awape afya, akuepushe na ugonjwa unaoshinda nao kutwa.

Mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
mama yako mdogo,
Sikudhani