Balozi wa Ng'ambo

Mama Neema wangu,

Natumaini mgongo umetulia. Mimi huku Pangani sijielewi. Jana kwenye pantoni nilimwamkia bibi mmoja, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nafundisha uhusiano wa kimataifa chuoni, ila zamani nilikuwa balozi.

"Balozi wa wapi?"

"Ng'ambo, bibi."

Kumbe hapa ng'ambo ni Bweni, kuvuka mto tu, na balozi kwake ni yule wa nyumba kumi. Tulipoteremka akanishika mkono hadi kwa jirani yake, ambaye mbuzi wake humaliza mchicha wa bibi. Kila nikijaribu kujieleza, wananiongezea mkate wa kumimina.

"Haya balozi, amua."

Nikasema mbuzi afungwe. Akafungwa palepale, na wale wawili wakapeana mikono.

Miaka yote ile ubalozini sikuwahi kuona neno langu likifuatwa hivyo. Sasa sijui Jumatatu nikawafundishe nini wanafunzi.

Nibusie wajukuu. Mtu akiniulizia, mwambie balozi yuko ng'ambo, ana kesi nyingine, ya kuku.

Wako,
Baba Neema