Kwa Thobias, Aliyeezua Paa la Mama

Mwaka umetimia, mdogo wetu Thobias, tangu ulipotutoka, tarehe 17 Aprili 1983, nyumbani kwako Morogoro mjini.

Ulianza kwa kuchora Njia ya Msalaba kanisani kwetu Mgeta, ukawapa askari wa Pilato sura za wachuuzi wa kabichi tuliowajua wote. Mzee Fatehali akakupa uchore kibao cha duka lake mjini, na watu wa filamu walipopita wakakiona. Walikuchukua uwapakie rangi ukuta mmoja. Baada ya miaka miwili kazi yote ya mandhari ilikuwa mikononi mwako. Tulipokuuliza kazi yenyewe ni ipi, ulisema, “Kila kitu kwenye picha kisichosema, ni changu.” Tulicheka sana.

Ukirudi nyumbani ulinawa kwanza kwa mafuta ya taa, ndipo uwabebe wanao. Hukuwa mtu wa kupandisha sauti, hata pale ulipokuwa na haki.

Mwishoni mwa mwaka 1978 mlitafuta nyumba ya enzi za mkoloni kwa ajili ya filamu, ukachagua ya mama yetu Kristina kule Mgeta. Mkaezua mabati, mkaweka nyasi chache za kuonekana kwenye kamera tu. Mama alikubali, mradi mabati yarudi kabla ya masika. Lori likayapeleka kwenye filamu nyingine, hayakurudi. Wakati ule bati halikupatikana hata kwa kibali. Masika yakaanza. Mama alilala kwenye maji wiki tatu, kichomi kikamchukua.

Mimi Scholastika, dada yako mkubwa, nilikwambia makaburini mbele ya watu, “Umemuua mama kwa ajili ya picha.” Hukujibu. Uliacha filamu, ukabaki kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Ukakonda. Hata Krismasi hukula nasi. Mkeo Modesta aliniomba mara mbili nizungumze nawe. Nilimwambia bado.

Waliosikia maneno yangu siku ile, wasome na haya. Siku moja kabla ya kufa, mama alinishika mkono akasema, “Thobias alikuja kunichukua nikakae kwake mpaka mabati yapatikane. Nikamgomea, sikutaka kuacha maharage yangu. Mwambie kosa ni langu, asijitese.”

Ungeweza kunijibu kwa hilo pale makaburini. Ulinyamaza ili mama asisemwe.

Nami sikukuambia. Nilikuwa na hasira, nikataka uumie kwanza kidogo, halafu nitakwambia. Ikapita miaka minne, nawe ukikaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Naona aibu kuliandika hili.

Unakumbukwa na mkeo Modesta, ambaye ndiye aliyeniruhusu niandike; wanao Lukasi na Yakobo; kaka yako Kasiani; wajomba, shangazi na jirani zako wote; nami dada yako.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Mama hakukulaumu, Thobias.